Hali ya Kuamuru ya Kifaransa kwa Msemaji wa Kiswahili: Mazingatio kutoka Kindu

Katika mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, amri hutolewa kwa lugha zaidi ya moja. Sokoni na nyumbani aghalabu husikika Kiswahili. Katika barua za serikali na mihadhara ya chuo hutawala Kifaransa, ambacho Katiba ya mwaka 2006 imekitambua kuwa lugha rasmi, huku Kiswahili kikiwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Makala haya yanakusudia kuitazama hali ya kuamuru ya Kifaransa kwa jicho la msemaji wa Kiswahili. Tutadai kwamba ugumu wake haumo sana katika maumbo ya vitenzi. Umo katika heshima.

Maumbo yenyewe ni machache. Kuna nafsi tatu tu, na kiwakilishi cha mtendaji huachwa: parle (sema), parlons (tuseme), parlez (semeni). Vitenzi vya kundi la -er hupoteza herufi -s katika nafsi ya pili umoja, nayo hurudi mbele ya y na en: va, lakini vas-y. Vitenzi vinne, yaani être, avoir, savoir na vouloir, huazima mashina yao kutoka dhamira tegemezi: sois, aie, sache, veuillez. Yambwa hufuata kitenzi katika amri yakinishi (donne-le-moi) na hutangulia katika amri kanushi (ne me le donne pas). Mwanafunzi aliyezoea nipe na usinipe, ambamo yambwa haihami, hana budi kulikariri jambo hili; akishalikariri, limekwisha.

Heshima haikaririki hivyo. Katika Kiswahili sanifu kiambishi -ni huonyesha idadi peke yake: keti ni kwa mmoja, ketini ni kwa wengi. Anayetaka kulainisha amri hutumia dhamira tegemezi, akaongeza jina la heshima: uketi, mzee, unisaidie, mama. Kifaransa kimeyafunga mambo hayo mawili katika kiishio kimoja. Asseyez-vous huambiwa watu kumi, na huambiwa pia mzee mmoja. Ndiyo sababu mfasiri chipukizi hutafsiri Entrez, Monsieur kuwa “Ingieni, bwana”, na bwana huyo akageuka nyuma kutazama ni nani mwingine amekuja. “Karibu, bwana, uingie” ingetosha.

Kosa la upande wa pili lina madhara zaidi. Mwanafunzi mwenye adabu, akiwa na “unisaidie” kichwani, huandika aide-moi kwa mkuu wa idara. Katika Kiswahili heshima ilibebwa na u- na -e. Katika Kifaransa imeanguka njiani, na msomaji anaona ufedhuli ambao mwandishi hakuukusudia. Hata aidez-moi ni kavu katika barua. Kinachotakiwa ni veuillez m’aider. Ifahamike kuwa veuillez ni umbo la dhamira tegemezi kwa asili yake, na kwa hiyo hapa Kifaransa kinapita njia ile ile ya Kiswahili. Mwalimu akianzia hapo, badala ya kuanzia na jedwali la vitenzi, nadhani atasikilizwa vizuri zaidi.

Wala suala hili si la sarufi tu nchini Kongo. Chini ya utawala wa Wabelgiji, Mwafrika mzima mwenye watoto aliamriwa kwa tu, kama mtoto: viens, porte, tais-toi. Patrice Lumumba, ambaye ujanani alifanya kazi katika kampuni ya madini huko Kalima, katika Maniema hii hii, alilitaja jambo hilo hadharani tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin. Alikumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa tu, wala si kwa urafiki, na kwamba vous ya heshima ilitengwa kwa wazungu. Miongoni mwa madhila aliyoyahesabu siku ile ya uhuru, alikipa nafasi kiwakilishi kimoja. Msikilizaji aliyejua Kiswahili peke yake angehitaji kufafanuliwa, kwani wewe ya Kiswahili haimdhalilishi mtu kwa yenyewe.

Kifaransa kina njia ya kukwepa kuchagua kati ya tu na vous: kutumia kitenzijina. Juu ya chupa ya dawa huandikwa agiter avant l’emploi, na juu ya ile ya kupaka, ne pas avaler. Amri hiyo haimwelekei mtu yeyote, kwa hiyo haimkosei mtu heshima. Lakini kitenzijina cha Kiswahili hakiamuru kwa namna hiyo. “Kutikisa kabla ya kutumia” husomeka kama kichwa cha habari, na “kutomeza” humwacha mgonjwa akingoja sentensi iishe. Ni kweli kwamba kula na kunywa huweza kuwa amri, lakini ku- hiyo hubebwa na vitenzi vya silabi moja kwa sababu ya ufupi wa mashina yao, haithibitishi kanuni. Anayefasiri maelezo ya dawa kwa wagonjwa wa Kindu inampasa amrudishe msikilizaji ambaye Kifaransa kilimfuta: “Tikisa kabla ya kutumia”, “Usimeze”.