Ngumi Zilizopunguzwa Mwendo

Kila mchezo mashuhuri unapohamishwa kutoka mashine kubwa ya ukumbini, iliyoundwa kwa ajili yake peke yake, na kutiwa katika kisanduku cha nyumbani kilichoundwa kwa michezo ya kila namna, hapana budi kitu fulani kipotee njiani. Na kwa kuwa macho ndiyo yatanguliayo kuhukumu, wachezaji aghalabu hulalamikia rangi zilizofifia na picha zilizopungua, ilhali hasara iliyo kubwa zaidi haionekani, bali huhisiwa na vidole. Hasara hiyo ni ya wakati, na vijana waliokulia katika vibanda vya gemu vya Arusha, kuanzia Engutoto na Kaloleni hadi Ngarenaro, wakilipa kwa mechi na kupokezana pedi, wanastahili kuelezwa asili yake.

Mfano ulio dhahiri ni Street Fighter II, mchezo wa ngumi na mateke uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991. Mashine yake ya ukumbini ilichora picha yenye upana wa pikseli 384, takriban mara 60 katika kila sekunde, na mbele ya mchezaji palikuwa na vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kwa pigo jepesi, la wastani na zito. Mwaka 1992 Capcom yenyewe iliuhamishia katika Super Nintendo, mashine ya nyumbani ambayo katika mchezo huo ilichora upana wa pikseli 256 tu, na mambo yote ikayabana katika kaseti ya megabaiti 2, ambayo kwa siku hizo ilihesabiwa kuwa kubwa mno. Picha zilipunguzwa na sauti zikarahisishwa, walakini vitufe sita vilisalimika, na nakala zaidi ya milioni 6 ziliuzwa duniani.

Kaseti za bandia ndizo zilizodhulumika zaidi. Capcom haikupata kuutoa mchezo huo kwa mashine ya zamani ya Nintendo, ile Famicom ya mwaka 1983, lakini mafundi wa Asia ya Mashariki waliubuni upya bila idhini, wakauza kaseti zilizochezeka katika mashine za kuiga ambazo zilienea nchi nyingi kwa sababu ya urahisi wa bei. Chombo cha kuchora cha Famicom huunda kila kiumbe kitembeacho kwa vipande vidogo vyenye upana wa pikseli 8, kila kipande kikiwa na rangi tatu tu, na katika mstari mmoja wa kioo hakiwezi kuonyesha zaidi ya vipande 8. Basi tuchukue wapiganaji wawili waliokaribiana, kila mmoja akiwa na kifua cha vipande vinne: mstari umekwisha kujaa. Mmoja akinyoosha mkono, au mpiganaji aitwaye Ryu akirusha moto wake, kipande cha tisa hakina pa kukaa, na mashine hukiacha bila kukichora. Nayo programu, ili asidhulumiwe mpiganaji mmoja daima, hubadilisha zamu ya vipande katika kila picha, ndipo mkono ukawa unatoweka na kurudi, na moto ukawa unapepesa. Fauka ya hayo, pedi ya Famicom ina vitufe viwili tu vya kupigia, hata yale mapigo sita yakawa hayana mahali.

Hizo ni dosari za macho na za vitufe, na mchezaji mvumilivu huzizoea. Ile ya wakati ina asili ya mbali zaidi, nayo ni umeme. Televisheni za kwanza zilioanishwa na mzunguko wa umeme wa nchi zao, kwa hofu kwamba mizunguko miwili isiyolingana ingezua mawimbi yanayotambaa juu ya picha. Marekani ikashika 60 kwa sekunde, Ulaya ikashika 50, na Afrika ya Mashariki ikafuata Ulaya. Maji ya Mlima Meru yenyewe yamo katika hesabu hiyo: mto Themi, upitao katika jiji la Arusha, huungana na Kikuletwa, nao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mitambo iliyowekwa katika miaka ya 1960 huzungushwa kwa kadiri ya kutoa umeme wa mizunguko 50. Televisheni ya rangi ilipoanza Zanzibar katika miaka ya 1970, na hata vituo vya Bara vilipofuata mwaka 1994, vilitumia utaratibu wa PAL, wenye mizunguko 50 na mistari 625.

Sasa programu za michezo ya Japani ziliandikwa kwa kuhesabu picha, wala si kwa kutazama saa. Pigo lililopangiwa picha 30 humalizika kwa nusu sekunde katika mashine ya picha 60. Katika mashine iliyotengenezwa kwa televisheni za mizunguko 50, picha zile zile 30 huchukua sehemu 6 za 10 za sekunde. Mchezo mzima hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Tena mchezo ulichora mistari 224 tu, ilhali PAL huonyesha mistari ipatayo 288 katika kila mzunguko, kwa hiyo juu na chini ya kioo pakabaki mikanda myeusi, na wapiganaji wakaonekana wafupi na wanene.

Yamkini msomaji atauliza, sehemu moja ya sita ina uzito gani? Ina uzito kwa sababu roho ya Street Fighter II ni mapigo yanayofuatana bila ya kumpa adui nafasi ya kujikinga, jambo lililozaliwa kwa sadfa: mtayarishaji Noritaka Funamizu aliligundua alipokuwa akikagua hitilafu katika hatua ya ziada ambamo mchezaji huvunja gari, akaliacha libaki. Mlango wa kuunganisha mapigo hayo hufunguka kwa picha chache tu. Mchezaji aliyefunza vidole vyake kwa mwendo wa 60, akiketi mbele ya mashine ya 50, atabonyeza kabla ya wakati, na ustadi wake wote utageuka kuwa pupa.

Dawa ilipatikana polepole. Mashine ya nyumbani ya Dreamcast ilipoingia Ulaya mwaka 1999, michezo yake mingi ilimpa mchezaji hiari ya kuchagua 50 au 60, na televisheni za kisasa hupokea mizunguko yote miwili. Lakini adui amebadilisha vazi: kioo bapa cha leo husafisha na kupamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo waweza kuchelewesha ngumi kwa muda wa picha kadhaa. Mwenye kibanda aingie katika mipangilio ya televisheni, atafute hali ya gemu, aiwashe, kisha awaulize wateja wake wanaona tofauti gani. Nao wanafunzi wanaojifunza kuandika programu, pale Chuo cha Ufundi Arusha na kwingineko, watakapotakiwa kuhamisha kazi ya mwenzao kutoka mashine pana kwenda mashine finyu, wapunguze rangi, wapunguze sauti, wapunguze hata tembo wanaochorwa nyuma ya wapiganaji. Bali muda kati ya kidole na pigo wauache kama walivyoukuta.