Kwa nini bei ya Sh50 haimfikii kila mfugaji

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa anaposikia bei ya Sh50 kwa lita, huenda akadhani ni amri inayomfunga kila mnunuzi. Sivyo. Bei hiyo, ambayo Rais William Ruto alitangaza kwamba ingeanza kutumika Machi 1, 2024, ilihusu kampuni ya serikali ya New KCC. Kampuni za kibinafsi hujiamulia bei kulingana na hali ya soko, naye mchuuzi wa kijijini hulipa kwa maelewano.

Hali hii ilianza mwaka wa 1992, serikali ilipoacha kudhibiti bei ya maziwa. KCC, iliyoundwa 1925 na kutawala biashara hiyo kwa miongo mingi, ilikumbwa na ushindani, usimamizi mbaya na madeni, wakulima wakabaki wakidai malipo yao. Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliirejesha mikononi mwa umma mwaka wa 2003.

Kutangaza bei ni rahisi. Kazi ngumu huja wakati wa mvua. Nyasi hustawi, ng'ombe wakatoa maziwa tele, lakini hakuna mkazi wa Nairobi anayeongeza vikombe vya chai kwa sababu malisho yamenawiri Nyandarua. Maziwa nayo hayawezi kuwekwa ghalani kama mahindi yakisubiri bei nzuri. Mapema 2010, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2009, wafugaji walimwaga maziwa yaliyokosa mnunuzi.

Dawa inayojulikana ni kuyakausha yawe unga. Ndiyo maana Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza New KCC ipewe Sh500 milioni za kununua maziwa ya ziada na kuyageuza unga, huku mfugaji akiahidiwa angalau Sh33 kwa lita. Msaada wa aina hiyo una uzito kuliko tangazo la bei, kwani huyaondoa maziwa sokoni. Hata hivyo, unga huo usiponunuliwa, fedha za umma hulala ghalani.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hulitaja kwa nadra. Sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa nchini haipiti kiwandani. Huuzwa mabichi kwa majirani, mikahawa na wachuuzi, ambao mara nyingi hulipa papo hapo, ilhali kiwanda hulipa mwisho wa mwezi baada ya makato ya usafiri na ada za chama. Mzazi anayedaiwa karo hawezi kulaumiwa akimchagua mchuuzi.

Isitoshe, lori la chama kwa kawaida hufika asubuhi. Pasipo mtambo wa kupoza maziwa karibu, yale ya jioni hunywewa nyumbani, huuzwa kwa bei ya kutupa au huharibika. Kwa mfugaji huyo, Sh50 ni bei ya nusu tu ya anachokama.