Moyo Uliosikika Tunguu

Kila ifikapo 20 Februari nawaambia wanafunzi wangu wa fizikia hapa Mji Mkongwe kwamba siku hii ni yetu pia. Siku kama hiyo, mwaka 1962, John Glenn aliruka kutoka Florida akawa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, miezi kumi baada ya Yuri Gagarin wa Umoja wa Kisovieti. Alizunguka mara tatu, kwa muda wa saa tano hivi, na miongoni mwa waliomsikiliza njiani ni kituo cha Tunguu, Unguja.

Mawimbi ya redio kwa kawaida husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Chombo kikishapita upeo wa macho, hakisikiki tena, na wakati ule hakukuwa na setilaiti za kupokezana sauti. Kwa hiyo NASA, shirika la anga la Marekani, ilitandaza vituo 18 duniani, viwili vikiwa melini. Kituo cha Kano, Nigeria, kilipomwachia Glenn, Tunguu ilimpokea kwa dakika chache, kisha meli iliyokuwa Bahari ya Hindi.

Glenn aliruka saa 11:47 jioni kwa saa zetu. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Alipofika anga ya huku, kama nusu saa baadaye, watu walikuwa wakiandaa futari. Daktari wa kituo akamuuliza hali yake. Ili moyo wake upimwe, humo chomboni Glenn akavuta kamba ya mpira mara 30 kwa sekunde 30. Mapigo ya moyo yakapanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, kisha punde yakashuka hadi 84. Moyo wake ulikuwa unafanya kazi kama wa mtu aliyesimama ardhini, jambo ambalo madaktari walikuwa na hamu kubwa ya kulijua.

Mei 1963 mwanaanga mwingine wa Marekani, Gordon Cooper, akipita juu ya Zanzibar, aliwatakia heri viongozi wa Afrika waliokuwa wakikutana Addis Ababa. Kila nikikumbuka salamu ile nafurahi.

Wengi hapa waliamini Tunguu ni kambi ya makombora. Hofu yao naielewa: mkataba wa kituo hicho wa 1960 ulikuwa wa Uingereza na Marekani, sisi tukiwa bado tunatawaliwa. Lakini hapakurushwa roketi hata moja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo kiondoke, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Sasa Tunguu ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Natamani vijana wakusanyike huko kila 20 Februari jioni, wavute kamba ya mpira mara 30, wahesabu mapigo yao na kuyalinganisha na ya Glenn.