Saa ya Mkononi Haijui Uzito wa Ndoo

Siku hizi mabinti zetu wanaporudi Matiri kwa likizo huja na saa za mkononi zinazohesabu hatua, mapigo ya moyo na hata kalori, yaani nguvu ambayo mwili umetumia tangu asubuhi. Wengine huwaachia mama zao kama zawadi. Ni zawadi nzuri. Lakini mama anaposema, "Leo saa imeniandikia kalori chache, basi usiku nakunywa chai tu," hatuna budi kuuliza: saa hiyo imejuaje?

Saa haizioni kalori. Ndani yake kuna kidude kinachohisi mkono unavyotikisika, na upande wa chini kuna taa ndogo inayomulika ngozi ili kufuatia mapigo ya damu. Ukishaijulisha umri, urefu na uzito wako, huchanganya hayo yote na kukisia. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima vifaa saba vya namna hiyo kwa watu 60. Kwa mapigo ya moyo vingi vilifanya vizuri. Kwa kalori, kile kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93!

Nao hao walikuwa juu ya mashine za mazoezi, si shambani kwetu. Katika ngoro za Umatengo, baba hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, kisha mama huchimba udongo wa katikati na kuyafukia. Saa itahisi mkono ukipanda na kushuka, lakini haijui uzito wa jembe wala ugumu wa udongo. Ukikaa chini kupepeta mahindi, inaweza kukuhesabia hatua. Ukipata homa moyo ukaenda mbio, inaweza kukuandikia kalori kana kwamba umelima.

Na ndoo je? Mwaka 1986 wataalamu, akiwemo Profesa Maloiy wa Nairobi, walitangaza matokeo ya kuwapima pumzi wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliokuwa wakitembea na mizigo. Waliona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu, kwa jinsi walivyozoea kuubeba. Kwa mama wa kilo 55 hiyo ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 imepita mbali, tena wao walitembea tambarare, si milima yetu. Kwa hiyo baba wa nyumbani asiifanye habari hii kuwa sababu ya kukuachia maji peke yako.

Ipo njia ya kuaminika zaidi: mtu hunywa maji maalumu, kisha mkojo wake hupimwa kwa siku kadhaa. Ndivyo walivyopimwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, huku wamevaa vifaa vya kuonyesha walikotembea. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Wanawake walitembea karibu kilometa 6 kwa siku, lakini walipolinganishwa na watu wa Marekani na Ulaya kwa kuzingatia ukubwa wa mwili, nguvu waliyotumia kwa siku ilikuwa karibu sawa. Mwili una hesabu zake. Ukitumia nguvu nyingi huku, hubana kule.

Hofu yetu kubwa ni kwa mama anayenyonyesha. Kutengeneza maziwa humhitaji ale karibu kalori 500 zaidi kila siku, na hata akiwa amekaa amempakata mtoto, kazi hiyo inaendelea. Mkono umetulia, saa haioni kitu. Mama huyo asipunguze ugali, maharage wala dagaa wa Nyasa kwa sababu ya namba ya mkononi. Kama uzito unamsumbua, apande mzani wa kliniki siku ya kumpeleka mtoto na azungumze na muuguzi. Saa aiachie kuhesabu hatua, na kumwambia ni saa ngapi.