Kichanga na ndoo ya rangi

Mama mjamzito akiingia duka la rangi, ushauri humfikia kabla ya bei. Muuzaji atasema bluu ni ya mvulana na waridi ni ya msichana. Shangazi aliyemsindikiza ataapa kwamba njano humliza mtoto usiku kucha. Fundi naye atasifia ile iliyobaki kwenye kazi ya jana. Wote watatu wanabishania ukuta ambao mtoto mwenyewe, katika wiki zake za kwanza, hatauona sawasawa.

Anapozaliwa, kichanga huona vizuri kiasi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi la mama hadi usoni pake. Zaidi ya hapo ni ukungu. Seli za jicho zinazopokea rangi hazijakomaa, na ubongo bado unajifunza kuzisoma. Nyekundu kali aweza kuitambua mapema, hasa ikiwa pana, lakini ile waridi ya maziwa na ile bluu ya mawingu zilizomsumbua mama wiki nzima hazitofautiani sana na kijivu. Kwenye miezi miwili hivi huanza kutenganisha nyekundu na kijani. Bluu na njano hufuata, na afikapo miezi mitatu au minne huwa anaziona rangi zote, ingawa si kwa ukali wa jicho la mtu mzima.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Fantz, alionesha mwaka 1963 ni nini hasa humvuta mtoto. Aliwaonesha vichanga viduara, wengine wakiwa hawajafikisha siku tano, akapima jicho linatulia wapi kwa muda mrefu zaidi. Viduara vyenye sura ya mtu, duara ndani ya duara, hata kipande cha gazeti, vilivishinda vile vitupu vya rangi nyekundu, nyeupe na njano. (Waandishi wa magazeti wana haki ya kujivuna kidogo.) Kwa kipimo hicho, kanga yenye pindo jeusi begani mwa mama ina mengi ya kumwonesha mtoto kuliko kuta nne zilizopakwa rangi moja.

Huko Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Anna Franklin na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti uliobaini kwamba watoto wa miezi minne hadi sita hupanga rangi katika mafungu matano, nyekundu, njano, kijani, bluu na zambarau, muda mrefu kabla ya kujua jina la hata moja. Kiswahili kina mpangilio wake: sifa zenye mzizi wa rangi ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine nyingi tuliziazima kwenye vitu, kijani kwenye majani, kijivu kwenye jivu, zambarau kwenye tunda. Nyeusi, nyeupe na nyekundu ndizo zinazolikamata jicho changa mapema. Ni sadfa tu, lakini tamu.

Hoja ya bluu na waridi haihitaji maneno mengi. Mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wazazi kinyume chake: waridi, kwa kuwa ina nguvu, impendeze mvulana. Na njano inayoliza watoto haina utafiti wa kuaminika nyuma yake.

Hata hivyo njano si ya kupuuzwa. Vichanga wengi hupata manjano ya ngozi na macho siku chache baada ya kuzaliwa (si homa ya manjano, ambayo huletwa na mbu). Ndiyo maana wodi za vichanga hushauriwa kupakwa rangi tulivu, zisizoakisi juu ya ngozi na kumdanganya muuguzi. Nyumbani nako, mtoto akaguliwe kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya rangi, na manjano ikijitokeza ndani ya saa 24 za kwanza, apelekwe hospitali mara moja. Tiba yake yenyewe ni rangi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Essex, muuguzi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa watoto njiti wapate jua, alimwonesha daktari mtoto aliyepauka mwili mzima isipokuwa sehemu iliyokuwa imefunikwa na shuka. Hapo manjano ilibaki. Leo mwanga wa bluu hutumika wodini kuivunjavunja bilirubini, kemikali inayoleta manjano hiyo.

Hatari kubwa ya rangi kwa mtoto haipitii machoni, inapitia mdomoni. Kwa miaka mingi njano, machungwa na nyekundu zinazong'aa za rangi ya mafuta zilipatikana kwa kromati ya risasi, na baadhi ya viwanda duniani bado vinaitumia. Rangi ikizeeka hubanduka, ikawa vumbi. Mtoto anayetambaa hulipangusa kwa kiganja kisha akanyonya vidole. Anayeota meno hung'ata ukingo wa kitanda. Mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile, nayo huudhuru ubongo, mara nyingi bila dalili. Mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alikwisha kuinyoshea kidole rangi ya vizuizi vya baraza. Marekani iliipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kikomo kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni.

Sheria mpya, hata ikiwa kali, haikwangui mlango wa zamani. Kwa hiyo swali la dukani ni kama ndoo imeandikwa kuwa haina risasi, hasa rangi ya mafuta ya kitanda, milango na madirisha. Kazi ifanyike mapema, mama akiwa amehamia kwingine. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu, ilowanishwe kwanza. Fundi akimaliza, sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni, maana ufagio hulirusha tu vumbi hewani, likatua tena pale mtoto atakapotambaa.