Tembe la Kwihara na Wajibu Wetu

Nyumba ya udongo haianguki kwa siku moja. Masika ya kwanza huonekana ufa mdogo juu ya dirisha. Masika ya pili maji hupenya darini. Kisha mchwa huingia katika boriti, na baada ya miaka michache wapita njia huulizana palikuwa na nini mahali pale. Kwa kuwa mambo haya hutokea polepole, aghalabu hakuna anayeona kwamba ni wajibu wake kuyazuia.

Kwa sababu hiyo tumeonelea yafaa kuwaeleza wasomaji wetu wa Pasiansi na ndugu zetu wa visiwani habari za nyumba moja iliyookolewa. Nyumba hiyo ni tembe la Kwihara, lililo kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ambalo leo ni makumbusho yaliyo wazi kwa wananchi wote. Mtu wa Mwanza haendi ugenini akienda huko. Reli iliyofika ziwani mwaka 1928 ilitokea Tabora, na kabla ya reli palikuwa na njia ya miguu. Ndiyo aliyoishika Mwingereza John Hanning Speke mwaka 1858 alipotoka Kazeh, katika eneo hilo la Tabora, mwezi Julai, akafika Mwanza na kuliona ziwa letu mwanzoni mwa Agosti.

Tembe ni nyumba ya busara. Kuta zake ni nene, hivyo ndani hubaki baridi hata jua la Unyamwezi liwe kali namna gani. Paa lake ni la bapa: miti hupangwa karibu karibu, kisha hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa. Vyumba huzunguka ua, na mlango mkubwa hufungwa usiku, watu na mali wakawa salama. Katika tembe la Kwihara ufundi huo wa bara umekutana na ufundi wa pwani, kwani mlangoni mgeni hupokewa na mbao zilizochongwa nakshi. Nyumba ya kwanza ilichakaa na kubomoka, nayo ikajengwa upya katika karne ya 20 kwa sura ile ile ya zamani.

Sifa ya nyumba hii imetokana na wageni waliolala humo. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871. Mwezi Agosti mwaka huo Mtemi Mirambo alipouchoma mji wa Tabora, Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta na kungoja kushambuliwa. Mwezi Februari 1872 alirudi kutoka Ujiji pamoja na David Livingstone. Stanley akaondoka mwezi Machi kuelekea pwani, na mzee yule akabaki miezi mitano akingoja wapagazi. Walipofika, aliondoka tarehe 25 Agosti 1872, asirudi tena akiwa hai. Alifariki mwaka uliofuata katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake, wakapita nao Kwihara, na kuufikisha Bagamoyo mwezi Februari 1874.

Hatuna kinyongo na heshima anayopewa Livingstone. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba tembe halikujengwa kwa ajili yake. Lilikuwa nyumba ya biashara ya misafara, biashara iliyochukua pembe za ndovu na, kwa aibu kubwa, wanadamu pia. Waliobeba mizigo ile kwa mabega yao walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma. Mgeni anayezuru Kwihara awakumbuke hao pia, maana bila wao pasingekuwa na msafara wala nyumba ya kuupokea.

Hapa ndipo jambo linapotugusa sisi wa ziwani. Jina la mgeni mashuhuri limeliokoa tembe la Kwihara. Je, nyumba zetu ambazo hakulala mgeni mashuhuri zitaokolewa na jina la nani? Ukerewe ina historia yake ya utawala. Mwaka 1875 Stanley huyo huyo alilazimika kumwendea Mtemi Lukonge ili apate mitumbwi ya kuwavusha watu wake. Huko Bukindo iko nyumba ya watawala wa Ukerewe, na katika vijiji vingi vya visiwani kuna nyumba za wazee ambazo wajukuu wanazijua lakini serikali haizijui. Bujora, karibu na Kisesa, imekwisha kuonyesha kwamba jamii inaweza kuhifadhi mambo yake: makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa huko na Padri David Clement yana ngoma za watemi na mifano ya nyumba za jadi.

Tatizo letu si kukosa sherehe za ufunguzi. Hizo tunazijua sana. Tatizo ni mwaka wa pili na wa tatu, wakati kibao kimekwisha kutundikwa na fungu la fedha limekwisha. Nyumba ya udongo hudai mkono wa kila mwaka. Wenzetu wa Djenné, nchini Mali, wana msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa mwaka 1907, nao husimama kwa sababu mji mzima hutoka kila mwaka kuupaka udongo mpya, vijana kwa wazee. Usipoziba ufa utajenga ukuta: wahenga walisema hivyo kwa sababu waliishi katika nyumba za namna hii.

Tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila halmashauri ya mkoa wetu iorodheshe majengo yake ya kale, visiwani na bara, na kupendekeza yanayostahili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inampa Waziri uwezo wa kuyatangaza kuwa kumbukumbu za taifa. Pili, fedha ya matengenezo iingizwe katika makadirio ya kila mwaka, hata kama ni kidogo, badala ya kusubiri ukarabati mkubwa. Tatu, kazi hiyo wapewe mafundi wanaoujua udongo. Saruji inayopakwa juu ya ukuta wa udongo hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza huku kwa nje ukionekana mzima. Wazee wanaojua kazi hii wangali wapo. Wafundishe vijana kabla hawajaondoka.

Pale Pasiansi taifa limekuwa likiwafunza askari wa wanyamapori tangu miaka ya 1960, kwa sababu lilitambua kwamba mali isiyolindwa hupotea. Simba na tembo wamepata walinzi. Kuta za wazee wetu nazo zinastahili mlinzi, na mlinzi huyo hahitaji bunduki. Anahitaji ngazi, ndoo ya udongo, na ujira wake ulipwe kabla ya vuli kuanza.