Kisangani: Kabla ya kuongeza chumba cha kupangisha, angalia hesabu na karatasi

Mangobo, Kabondo, Tshopo ao Lubunga, watu wengi wa Kisangani hawaweki akiba yao benki. Wanaiweka ndani ya parseli. Mutu wa toleka, mama muuza pondu na mwalimu wanacheza likelemba, na zamu ikifika wananunua matofali, mabati ao simenti. Wazee wanakumbuka miaka ya 1990, wakati zaire ilipoteza thamani na akiba ya feza ikayeyuka. Nyumba ilibaki.

Lakini nyumba inaweza kumulisha mutu wakati nguvu zimepunguka? Inaweza, kama hesabu na karatasi vinakwenda pamoja.

Tuanze na hesabu. Tuseme chumba cha kupangisha kinakuomba dola 1.200, na kodi ni dola 20 kwa mwezi. Kitarudisha feza yako kiisha miezi 60, ni kusema miaka 5. Ukiweka pembeni kodi ya mwezi 1 kila mwaka ju ya kutengeneza paa na choo, itakuwa karibu miaka 5 na nusu. Kuanzia hapo kodi inaweza kujenga chumba cha pili, na viwili vitajenga cha tatu kwa haraka zaidi.

Ndiyo maana ni vizuri kumaliza chumba kimoja kuliko kuanza vitatu. Kwetu mvua inanyesha karibu mwaka muzima, na ukuta wa matofali mabichi bila paa unarudi kuwa udongo. Feza inakwenda nao.

Kitu kingine ni garanti. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti haipiti miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, na miezi 6 kwa nyumba ya biashara. Hiyo feza ni ya mupangaji. Mwenye nyumba akiila, ajue ameingia deni: siku mupangaji anahama, atamudai.

Sasa karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inaonyeshwa na « certificat d'enregistrement ». Karatasi ya kuuziana, hata kama shefu wa mutaa ametia sahihi, haifikie nguvu hiyo. Ukijenga vyumba vinne juu yake, mwenye certificat anaweza kutokea na kukupeleka tribinali, na miaka yako 10 ya kujinyima inaanguka siku moja.

Kwa parseli mpya, Serikali inatoa kwanza mukataba wa kupanga usiopita miaka 3. Ndani ya muda huo unapaswa kujenga. Ukiisha kujenga, kama uko Mukongomani, unaweza kuomba haki ya kudumu. Certificat ikitimiza miaka 2, haipingwi tena kwa urahisi.

Kwa hiyo, zamu yako ya likelemba ikifika, usikimbilie simenti. Pita kwanza kwenye ofisi ya ardhi na nambari ya parseli yako, uulize imeandikwa kwa jina la nani. Kama si jina lako, feza ya zamu hiyo ianze na karatasi. Matofali yatafuata.